Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Maigizo, Nakuru

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia kwa kirefu. Mazoezi ya Jumamosi yaliendelea, tulisimulia hadithi katika shule kadhaa, tukazuru mawe ya Kit Mikayi kule Seme, na mwenzetu aliyefiwa tulimchangia. Mapato yalikuwa shilingi 214,000, matumizi 197,500, salio liko benki. Stakabadhi anazo mweka hazina.

Niingie sasa kwenye jambo lililozua maneno mengi katika grupu yetu ya WhatsApp: mwisho wa igizo letu la vita kati ya binadamu na majini wa kreta. Rasimu ya kwanza ilimaliza vita kwa hila. Binadamu wanawalewesha majini, wanaziba mdomo wa kreta kwa jiwe, basi. Mimi ndiye niliyeagiza mwisho huo ubadilishwe uwe mkataba wa amani, na hadi leo nasimama na uamuzi huo.

Katika mkataba ule, majini wanaacha kuwapoteza watoto na mifugo ukungu ukishuka, na binadamu wanaacha kukata miti ya ukingoni. Hautiwi muhuri kwa wino. Mzee wa kila upande anatoa kivuli chake kikae ugenini. Upande ukivunja neno, kivuli cha mzee wake hakirudi. Wengine mlilalamika kwamba mzee wetu alionekana mnyonge akitembea juani bila kivuli. Jamani, nani kati yetu, hasa tuliozaliwa upande wa ziwa, asiyejua kwamba Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, aliuawa kwa kuchomwa mkuki kivulini? Anayetoa kivuli ameweka rehani uhai wake. Mnyonge hathubutu.

Wapo pia waliosema majini hukemewa, hawafanyiwi mkataba. Nawaheshimu. Ila nchi ya igizo ni ya kubuni, ingawa tuliichora kwa sura ya kreta ya Menengai hapa Nakuru, ambako watu husimulia habari za mapepo ya askari wa Kimaasai walioangamia vitani karne ya 19. Na Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wengi wetu tulikuwa hapa hapa Nakuru. Tuliona majirani wakifukuzana. Hakuna hila iliyotuokoa. Nchi ilianza kutulia viongozi wawili, Kibaki na Raila, walipotia sahihi mkataba tarehe 28 Februari, kila mmoja akiwa amepata pungufu ya alichodai. Siwezi kuwaonyesha watoto wa mji huu kwamba jirani mkorofi dawa yake ni kufukiwa shimoni.

Kuhusu madai kwamba niliamua peke yangu: katibu alikuwa na habari, na zilibaki wiki mbili tu kabla ya onyesho. Shilingi 38,000 za taa za vivuli zilitoka kwenye fungu la jukwaa, na ni tukio hilo hilo la vivuli lililowainua watazamaji vitini.

Linaloniuma zaidi ni mahudhurio. Kwenye orodha tuko 46. Mkutano wa Septemba walifika 13, na kati ya waliopinga mkataba kwa ukali sikumwona hata mmoja. Ada ni shilingi 1,200 kwa mwaka, wanaodaiwa ni 27. Nauli ya Seme niliwalipia baadhi yenu kutoka mfukoni mwangu, na sijadai.

Mwakani tunatumaini kulipeleka igizo Kisumu, pengine na Kakamega, mfadhili akipatikana. Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya mkutano mkuu, kwa sababu asiyelipa hatapiga kura.

Mwenyekiti