Barua ya wazi kwa warithi wanaobishania maneno ya wosia

Wanangu,

Nimewasikia mkiapa, kila mmoja kwa upande wake, kwamba anajua marehemu alitaka nini, nami nimeona niwaandikie kabla hamjafika mbele ya jaji. Mahakama haitatafuta matamanio aliyokwenda nayo kaburini. Itatafuta maana ya maneno aliyoyaandika, yakisomwa yote kwa pamoja na mtu anayezifahamu familia na mali zake, na anayejua jinsi alivyozoea kuita watu na vitu.

Mwaka 1906 mahakama ya Uingereza ililetewa wosia wa maneno matatu, "Yote kwa mama". Kamusi ingemtaja mzazi wake, lakini ushahidi ulionyesha kwamba mtu yule alizoea kumwita mkewe "mama", na mke ndiye aliyerithi. Mwaka 1943 likaja shauri gumu zaidi: mwanamke aliyejiandikia wosia alikuwa ameacha "fedha" zake zote, ilhali sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa hisa na vitega uchumi. Kwa miaka mingi majaji walikuwa wamelibana neno hilo libaki kwenye taslimu na akiba ya benki. Safari hii wakakataa kufungwa na mazoea hayo, wakasema neno lisomwe kama alivyolitumia mwenyewe, na hisa zikaingia. Naliona jambo hilo kuwa la haki, kwa maana mtu wa kawaida haandiki akiwa na kamusi ya mawakili mkononi.

Hata hivyo, jaji hatawaandikia wosia mpya kwa sababu ule uliopo unamuumiza mmoja wenu. Aliyoyasema marehemu akinywa chai nanyi huenda yasipokelewe kabisa, isipokuwa pale maneno ya wosia yenyewe yana utata. Simulizi za nani alimuuguza ziacheni nyumbani, hata zikiwa za kweli.

Neno mnalobishania ni "nyumba kubwa". Tafuteni barua zake, risiti na daftari la kodi ambamo aliliandika kwa mkono wake, mwone alikuwa akiitaja nyumba ipi. Na wosia halisi msiuandike chochote pembeni, wala msiing'oe pini iliyoshika kurasa, kwa kuwa tundu lake tu litazua swali kama kuna ukurasa uliochomolewa.