Barua kwa mwanangu: pima urari kabla ya kurusha

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Mamako ameniambia kwamba umekwisha kununua mbao za balsa huko Nairobi, na kwamba ndege yako isiyo na injini lazima iwe tayari Ijumaa ili uirushe kutoka ghorofani mbele ya wenzako. Ufundi unao, na hilo nalisema hata barazani. Kinachoninyima usingizi ni haraka yako. Usiirushe kabla ya kuipima urari.

Balsa si mkoko wala mvule. Ni mti wa Amerika ya Kusini, mbao zake nyingi hutoka Ekwado, na ni laini hata ukucha huacha alama. Kisu butu hakiukati bali huponda nyuzi zake, na mwenye kukikandamiza huishia kujikata. Tia wembe mpya, upitishe kwa wepesi mara kadhaa kando ya rula ya chuma, na vidole visikae mbele ya makali.

Bawa likate kutoka ubao wa milimita 3, urefu sentimita 40 na upana 7.5, nyuzi zikienda kwa urefu wa bawa, kwa maana zikikatiza kwa upana litavunjika mkononi mwako. Mkia, sentimita 15 kwa 5, na pezi la kusimama, uvitoe kwenye ubao wa milimita 1.5. Kiwiliwili ni kijiti cha milimita 6 kwa 12, urefu sentimita 36. Ukingo wa mbele wa bawa uviringishe kwa msasa, wa nyuma uupunguze uwe mwembamba. Hapo usichoke upesi, kama unavyochoka kila ninapokupa mlango wa kupiga msasa.

Kisha ukate bawa katikati, uyasage mashavu ya kiungo, yaani pale vipande viwili vinapokutana, kwa mshazari, na uyagandishe huku kila ncha imeinuliwa sentimita 4 juu ya meza. Mwinuko huo ndio unaoirudisha ndege inapolalia upande mmoja. Tumia gundi nyeupe ya mbao, kidogo sana, na uiache usiku kucha. Usiku kucha, mwanangu, si mpaka baada ya chai. Tone la ziada mkiani litakudai uzito mkubwa zaidi puani, kwa sababu mkia uko mbali na bawa kuliko pua.

Sasa urari wenyewe. Weka ncha za vidole viwili chini ya bawa, sentimita 2.5 nyuma ya ukingo wa mbele, yaani theluthi ya upana wake. Ndege ikiinamia mkia, bandika udongo wa kuchezea puani, chembe baada ya chembe, mpaka itulie sawasawa. Wewe umekulia miongoni mwa majahazi na unajua kwamba farumi, ule uzito wa chini wa kukituliza chombo, ikikaa vibaya hakuna nahodha atakayekinyoosha chombo. Kwa nini basi ndege uitupe kwa kubahatisha?

Jaribio la kwanza lisiwe ghorofani. Nenda uwanjani penye majani asubuhi, kabla upepo haujashika, uelekee unakotoka upepo, na uisukume kwa upole huku pua imeinama kidogo. Ikipandisha pua, ikasita na kuanguka, ongeza udongo. Ikipiga mbizi moja kwa moja, punguza. Badilisha jambo moja tu kila mara, ama hutajua ni lipi lililoitengeneza. Ghorofani utapanda ikiwa imekwisha kunyooka, na chini pasiwe na watoto.

Msasa namba 240 nimempa mjombako, atapanda basi la Jumatano kutoka Mokowe, usimwombe nauli. Randa ndogo siitoi, kwani nina mlango wa mteja haujaisha na nduguyo amekwisha kupoteza patasi. Mamako anataka umrudishie mabakuli yake ya halua. Ukishaipima, nipigie simu uniambie umebandika udongo kiasi gani, kabla hujairusha.

Wasalaam,
Babako