Alama zimo kwenye mfumo, kwa nini tuzichape tena?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya jambo linalotuchosha baadhi yetu tunaofundisha katika vyuo vya hapa Dodoma, ingawa ni nadra kulisikia likijadiliwa nje ya ofisi za mitihani. Kila muhula unapoelekea ukingoni, alama za majaribio ambayo wanafunzi wameyafanya katika mfumo wa kujifunzia mtandaoni, na ambayo mfumo wenyewe umekwisha kuyasahihisha, huchapwa upya kwa mkono kwenye jedwali la Excel la mratibu wa mitihani. Muhula uliopita nilikuwa na wanafunzi 143 na majaribio manne. Mwenzangu alikuwa akinisomea namba ya usajili na alama, nami nachapa, na umeme ulipokatika tulikuwa hatujafika hata nusu. Baadaye niligundua kwamba alama tatu nilikuwa nimeziingiza kwenye mstari wa mtu mwingine.

Kazi hiyo haina ulazima wowote. Moodle, mfumo wa kujifunzia mtandaoni ulioanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002 na ambao chuo kinaweza kuutumia bila kulipia leseni, umejengewa mlango maalumu ambao programu nyingine huupitia kuomba taarifa, yaani API. Anayejua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, huchukua maktaba ya Requests, ambayo ni msimbo, yaani maagizo ya programu, ulioandikwa tayari kwa ajili ya kuzungumza na seva, kompyuta inayouhifadhi mfumo, kisha hutaja anwani ya mfumo, tokeni yake, yaani mfuatano wa herufi na namba za siri unaomtambulisha kwa mfumo, namba ya kozi na jina la kazi anayoitaka, yaani amri ambayo mfumo unajua kuitekeleza, kwa mfano gradereport_user_get_grade_items. Alama za darasa zima zinarudi, kila mwanafunzi na zake. Msimbo nilioandika mimi haukufika mistari 30, pamoja na ile ya kuziandika kwenye jedwali.

Uongozi wa vyuo huogopa kuufungua mlango huo, wala sisemi wanaogopa bure. Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, tokeni iliyotolewa ilikuwa ya msimamizi mkuu wa mfumo, ikabandikwa ndani ya msimbo, na msimbo ukasambazwa kwenye kundi la WhatsApp la idara. Kwa kuwa tokeni hubeba mamlaka ya mtu aliyepewa, yeyote aliyekuwa kwenye kundi lile angeweza kusoma taarifa za wanafunzi wa chuo kizima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sidhani kama yupo mkuu wa chuo ambaye angependa kuieleza Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi habari ya namna hiyo.

Hata hivyo, dawa ya mlango mbovu ni kutia kitasa, si kuziba ukuta. Moodle inamruhusu msimamizi kuunda huduma yenye kazi chache tu alizozichagua mwenyewe, kuwataja watumiaji walioidhinishwa, kuifunga tokeni kwa anwani ya kompyuta fulani na kuiwekea tarehe ya kuisha. Mkufunzi anayehitaji kusoma alama za kozi yake apewe tokeni ya kusoma alama za kozi yake, basi. Tokeni yenyewe ikae kwenye faili la pembeni, isiandikwe katika msimbo ambao kesho utapelekwa kwa mwenzake.

Wakufunzi wenzangu nao niwaonye kwa kosa langu mwenyewe. Moodle inapokataa ombi, pengine kwa sababu tokeni imekwisha muda, kwa kawaida bado hurudisha jibu lenye namba 200, ambayo katika lugha ya seva maana yake ni kwamba mambo yamekwenda sawa. Kosa lenyewe huandikwa ndani ya jibu, chini ya neno "exception". Amri ya raise_for_status katika Requests, ambayo wengi wetu tunaitegemea, hupiga kelele pale tu namba ya jibu inapoanza na 4 au 5. Tokeni yangu iliisha usiku wa Jumapili, programu ikaona 200, haikukuta alama, na mimi, kwa uvivu, nilikuwa nimeielekeza iandike sifuri pasipo na alama. Jumatatu asubuhi nilikuta foleni ya wanafunzi mlangoni kwangu, na sikuwa na la kujitetea. Siku hizi msimbo wangu unatafuta kwanza lile neno, na ukilikuta unasimama hapo hapo bila kugusa jedwali.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo ni dogo. Iwepo fomu ya ukurasa mmoja ya kuomba tokeni, inayotaja kozi, kazi zinazoombwa na tarehe ya mwisho, isainiwe na mratibu wa mitihani pamoja na afisa TEHAMA, na ianze kutumika katika idara moja tu kabla ya majaribio ya muhula ujao. Mimi yangu nimekwisha kuiandika kwa mkono, iko mezani kwa mkuu wa idara tangu mwezi uliopita.

Mkufunzi wa TEHAMA,
Area C, Dodoma