Barua kwa Mwanangu: Jioni Mtakula Nini?

Mwanangu Athumani,

Assalaam aleykum. Huku hatujambo. Kifua cha baba yako kimetulia, na bibi anakusalimu sana.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu ukishasema "sawa mama" mara mbili, najua umeshaondoka. Hili nataka ulisome lote. Juzi nilikuuliza mdogo wako Hamisi akija huko Dar es Salaam jioni mtakula nini, ukanijibu, "Tutakula tu mtaani." Tangu siku ile neno hilo linanikaa rohoni.

Wewe ni mtu mzima. Ukila chipsi mayai saa nne za usiku ukalala, basi, ingawa sipendi na nimekwambia sipendi. Hamisi ni mtoto. Ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba, anakuja kusoma hiyo pre-form one ya kujiandaa na sekondari mpaka Desemba, na atakuwa akitoka darasani anakaa chumbani peke yake hadi wewe utoke kazini. Miezi hiyo yote mtoto alelewe na muuza chipsi? Sikatai mara moja moja. Nakataa kila siku.

Na unamjua alivyo na mboga. Mchicha anausogeza pembeni, kabichi hataki hata harufu yake. Anachokula bila kusukumwa ni karoti za siagi, zile za kung'aa, na akimaliza anafuta sahani kwa ugali. Kwa hiyo nimeona nikuandikie namna ya kuzipika. Usiniambie ni chakula cha wageni wa masista. Jikoni kwa masista nilifundishwa mimi, lakini karoti ni zetu, na kazi yake haizidi dakika ishirini. Wali wenyewe hauwahi kuiva kabla yake.

Chukua karoti tano za wastani, hizo zinawatosha wawili. Zikwangue kwa kisu, usimenye maganda manene. Kata mshazari, vipande vya unene wa kidole chako kidogo, na vyote vilingane. Hapo ndipo watu wanapoharibu: upande wa kichwani kipande kinene, wa mkiani chembamba, halafu kimoja kinasagika na kingine bado kinalia mdomoni. Kichwa kikiwa kinene sana kipasue kati kwanza.

Panga kwenye sufuria pana, visipandane. Tia maji nusu kikombe cha chai, siagi kijiko kimoja cha chakula, sukari vijiko viwili vya chai, chumvi robo kijiko. Maji yasifunike karoti, yafike nusu yake tu. Kama huna siagi tia Blue Band, ila chumvi punguza maana yenyewe ina chumvi yake. Funika, moto wa wastani, dakika saba au nane. Choma kipande kwa ncha ya kisu: kiingie, lakini kwa kukaza kidogo.

Sasa funua, ongeza moto, na usiondoke. Athumani, hapa simu weka kitandani. Maji yanaanza kupungua, na utasikia sauti inabadilika. Mwanzo ni mchemko wa kawaida, mapovu madogo ya haraka. Baadaye mapovu yanakuwa makubwa, mazito, ya polepole, na sauti inakuwa ya kukaanga. Shika mkono wa sufuria uitikise, karoti zijigeuze zenyewe. Ukizikoroga kwa mwiko zinavunjika. Rojo litazivaa na zitaanza kung'aa. Zima papo hapo. Ukichelewa maji yanakwisha kabisa, siagi inajitenga, unaona mafuta matupu yanaelea. Ikikutokea usitupe. Tia kijiko kimoja cha maji, tikisa, rojo linarudi. Sukari ikishaanza kuwa nyeusi, hapo hakuna dawa.

Mwisho, moto ukiwa umezimwa, kamulia ndimu kidogo. Bila ndimu utamu unachosha. Tangawizi ukiipenda paruza kidogo, uitie pamoja na maji mwanzoni. Asali pia inafaa badala ya sukari, lakini itie ukishafunua sufuria, kwa kuwa inaungua upesi. Sukari usiongeze hata Hamisi akikubembeleza. Atakubembeleza.

Zinakwenda na wali maharage, zinakwenda na ugali na dagaa wa kukaanga, na siku ukipata nyama ndiyo kabisa. Lakini ni kitoweo cha pembeni, si chakula. Usije ukampa mtoto sahani ya karoti ukaniambia nimempikia. Maharage chemsha mengi Jumapili, uwe unachota na kuunga kidogo kidogo, ila uyachemshe upya kila asubuhi na jioni yasichache, maana friji huna. Hilo nalo nashindwa kulielewa. Unatengeneza majokofu ya watu mji mzima, chumbani kwako hakuna hata lile dogo la mitumba. Baba yako kila akitoka msikitini anawaeleza watu kazi yako, kwamba hata hoteli zinakuita. Mimi nikisikia nafurahi, mwanangu, nafurahi sana, halafu nakumbuka jambo hilo naudhika.

Dada yako alikuwa anasonga ugali wa nyumba nzima akiwa darasa la nne, ninyi wavulana mkiitwa tu kuja kunawa. Ndivyo tulivyoona inafaa wakati ule. Leo dada yako hana wa kumuogopesha kwa njaa, popote alipo anakula vizuri. Hamisi nimeanza naye mwaka huu, anaweza kukwangua karoti na kuchagua mchele. Mpe hiyo kazi. Ukirudi umechoka ukute zimekwanguliwa, wewe uwashe gesi tu. Kisu kile kikali asikiguse usipokuwepo.

Karoti Hamisi anakuja nazo, zimo kwenye kiroba cha bluu. Utaona nyingi zina miguu miwili, mitatu, nyingine zimejinyonga. Ni zile za tuta la juu, baba yako alitia samadi ambayo haijaoza vizuri, mizizi ikapasuka. Mnunuzi amezikataa zote. Zilizonyooka kachukua, tena kwa lumbesa, gunia limefungwa kilemba juu na bei ni ile ile ya gunia. Tumelalamika, akasema tukitaka tuzipeleke wenyewe Kariakoo. Basi. Ladha ni moja, za miguu zinasumbua kukwangua tu, zitenganishe kwanza kwa kisu.

Sikuziosha makusudi. Hizo mnazonunua huko zimeoshwa mtoni kabla ya kupakiwa, zinang'aa lakini zinaoza haraka. Majani nimeyakata, yakibaki yananyonya maji ya karoti yenyewe. Ukizipokea zitoe kwenye kiroba siku hiyo hiyo, uzifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, uziweke sakafuni chini ya meza penye ubaridi. Usiziweke karibu na ndizi mbivu wala maembe wala parachichi. Zikikaa pamoja zinaingia uchungu, utafikiri nimekutumia mbovu. Na joto la Dar es Salaam silo la Lushoto, kwa hiyo wiki ya kwanza kuleni kwa wingi, jirani naye mpe.

Jambo jingine. Hamisi amejiambia kwamba akila karoti ataacha miwani. Sijui nani kamjaza hayo. Kliniki walitueleza vizuri: ile rangi ya karoti mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na asiye na vitamini A ya kutosha haoni vizuri gizani. Inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee, ndiyo maana siagi usiiache ukidhani unabana matumizi. Lakini miwani yake ni jambo lingine kabisa, karoti haiirekebishi. Avae miwani. Avae darasani, avae na anaposoma usiku, na asiikalie kitandani kama ile ya kwanza.

Atapanda basi la Jumamosi alfajiri. Kondakta nimeongea naye, atamkalisha mbele. Kona za kushuka Soni mpaka Mombo zinamtapisha, nimempa ndimu na mfuko. Wewe uwe stendi ya Mbezi kabla basi halijafika. Si njiani, si "nakuja mama", uwe umeshafika. Mtoto hajawahi kuliona jengo kubwa kiasi kile na watu wote wale.

Ndani ya begi kuna na sufuria yangu pana, ile ya mfuniko mzito. Nimeitoa kwa shingo upande. Yako ile nyembamba niliyoiona ulipokuja Idi haifai, inaunguza katikati huku pembeni pabichi. Irudi Desemba pamoja na Hamisi, na usiisugue kwa mchanga. Nyingine niliyobaki nayo mama yako mdogo ameazima kwa ajili ya arobaini ya baba mkwe wake, na unamjua, mpaka nimfuate.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Maziwa tutaanza kupata ya kuuza baada ya muda, ndipo tutaongezea ada. Kwa sasa nimempa Hamisi shilingi elfu thelathini, nimezishonea kwenye mfuko wa ndani wa suruali ya shule. Zitoe wewe, usimwachie. Ni za siagi, ndimu na maharage, Athumani. Nisisikie zimeingia kwenye vocha. Bati la jikoni bado linavuja na vuli inakaribia; baba yako anasema atapanda mwenyewe kulitengeneza, na mimi sitaki apande na kifua kile. Mpigie umwambie asubiri kijana wa Mzee Shekiango. Wewe anakusikia.

Sasa nataka unijibu, na si "sawa mama". Nataka uniambie Jumatatu jioni mtakula nini, Jumanne nini, Jumatano nini. Ukishazipika hizo karoti mara ya kwanza nipigie huku sufuria bado iko jikoni, umpe na Hamisi aniambie mwenyewe kama zimeng'aa. Nitamuuliza na chipsi amekula mara ngapi. Yule hajui kunidanganya.

Mama yako