Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti: Tovuti ya Programu Yetu

Ndugu wanachama,

Wazee wetu, shikamooni. Vijana, habari za kazi.

Mwaka jana niliwaahidi tovuti mpya ya programu yetu huria ya hesabu za dagaa. Tovuti ipo. Ila nianze na zile siku 11 za Februari ambazo haikuwepo kabisa.

Domeini yetu, yaani jina la tovuti kwenye intaneti, iliisha muda. Barua pepe za kukumbusha zilitumwa, tena zaidi ya moja, lakini zilikuwa zinakwenda kwenye anwani binafsi ya katibu aliyepita, ambaye amehamia Dodoma na anwani ile haifungui tena. Makabidhiano ya ofisi niliyasimamia mimi. Daftari na muhuri nilivikumbuka, nenosiri la domeini sikulikumbuka. Kosa ni langu, makatibu wote wawili msiwaguse. Huko Ujiji habari zikaenea kwamba chama kimekufa, na wapo walionipigia simu kunipa pole.

Sasa domeini imeandikishwa kwa anwani ya chama, nenosiri wanalo watu 2, na tarehe ya kulipia imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ofisini, pale juu ya birika. Cheti cha usalama, kile kinacholinda mawasiliano kati ya msomaji na tovuti, hakihitaji kalenda. Ni kile cha bure cha Let's Encrypt. Kinadumu siku 90, na mitambo hukihuisha yenyewe kabla hazijatimia.

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini tumeiacha ile tovuti yenye hifadhidata tukarudi kwenye kurasa tuli, yaani faili zilizoandaliwa tayari mara moja, kana kwamba tumerudi nyuma. Jamani, tovuti ile ilikuwa inapika kila ukurasa upya kila msomaji anapobisha hodi, na chakula chenyewe kilikuwa kilekile: namna ya kusakinisha, mwongozo, orodha ya mabadiliko na mahali pa kupakua. Hakuna kinachobadilika kwa sababu msomaji ni fulani. Wakati huohuo viongezi vyake, vile vijiprogramu vya kuongezea tovuti kazi, vilitaka kusasishwa kila mara, tukazembea, na siku moja tukakuta matangazo ya kamari katikati ya mwongozo wa mali kauli. Faili tuli la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za intaneti, halina mlango wa wavamizi kupitishia mambo kama hayo. Na kwa wanaoona haya, tovuti ya kwanza duniani, ya Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1991, ilikuwa kurasa tuli.

Tumetumia Hugo, programu inayogeuza maandishi kuwa kurasa tuli, kazi iliyoanzishwa na Steve Francia mwaka 2013. Ni programu ya faili moja, na ile kompyuta mpakato kuukuu ya ofisi inaiendesha bila kulalamika. Maandishi tunayaandika kwa Markdown ya John Gruber, ya mwaka 2004: alama ya reli (#) inafanya kichwa cha habari, nyota mbili kila upande wa neno zinalikoleza wino. Mweka Hazina wetu, ambaye si mtu wa msimbo, aliishika kwa alasiri moja.

Kazi yenyewe tuliifanya Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wafanyabiashara wa dagaa walikuwa na nafasi, nasi tukapata watu wa kututazamia. Siku moja nilikwenda Kibirizi, mwalo wa Kigoma, na vijana wawili kuonyesha ukurasa wa mbele tuliokuwa tunajivunia, wenye picha kubwa ya ziwa jua likizama. Mama mmoja akaufungua kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Tukangoja. Picha ikawa inashuka kipande kwa kipande kama pazia, na bando lake linakwenda nayo. Akanitazama akasema, "Mwanangu, hii picha ya ziwa ya nini? Ziwa si hili hapa?"

Tuliifuta jioni ileile. Ukurasa uliokuwa na MB 2.8 sasa hauzidi KB 64, na kitu cha kwanza unachokiona ni kitufe cha kupakua.

Palepale Kibirizi tulijifunza jambo jingine ambalo hatukulipanga. Watu walikuwa wanarushiana mwongozo kwa Bluetooth, folda nzima, wausome bila intaneti. Ukurasa wa kwanza unafunguka, ukibonyeza kiungo unagonga mwamba, kwa sababu viungo vyetu vyote vilianza na jina la domeini. Tumebadilisha mpangilio ili viungo vifuate mahali faili lilipo, na kila ukurasa uwe faili lenye jina lake badala ya folda. Sasa tovuti nzima inatembea kwenye flashi.

Aibu ndogo nyingine: templeti, yaani kiolezo cha kurasa, tuliyoichukua ilitangaza lugha ya kurasa kuwa "en". Mtumiaji wetu mmoja asiyeona alituambia kisoma skrini chake kinasoma Kiswahili kama mzungu aliyeshuka meli jana. Tumeandika "sw", herufi mbili tu, na mambo yakanyooka. Walioomba kurasa za Kiha, mahali pake papo tayari chini ya msimbo "haq", tunangoja watafsiri.

Septemba kijana mmoja alisasisha Hugo kwenye kompyuta yake bila kuwaambia wenzake, templeti zikagoma. Toleo tunalotumia sasa limeandikwa ndani ya hifadhi yetu ya Git, inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la faili, na halibadilishwi kabla ya kujaribiwa.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni mwongozo. Faili tuli linaweza kukaa miaka bila kuguswa, ila maneno yake yanachakaa. Programu ilibadilisha kitufe cha "Hifadhi" kuwa "Weka", mwongozo ukabaki na "Hifadhi" miezi 4, na watu wakatafuta kitufe ambacho hakipo. Ndiyo maana kamati imeamua kwamba badiliko lolote la programu lisipokelewe bila ukurasa wake wa mwongozo kubadilishwa pamoja nalo. Najua waandika msimbo wananung'unika kwamba tunawachelewesha. Ni kweli tunawachelewesha, na uamuzi huu nausimamia.

Fedha atazisoma Mweka Hazina. Seva hatuilipii, kurasa zimewekwa kwenye huduma ya bure. Tunalipia domeini na bando la ofisi tu.

Kwa mwaka ujao zamu za kukagua tovuti zimefuata mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika na watumiaji wetu wako nchi kavu. Mwenye zamu atashuka mwaloni na simu ya bei ndogo, afungue kila ukurasa, abonyeze kila kiungo, na amsikilize atakayekuwa jirani. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa Katibu. Machi na Juni bado hazina majina.