Tairi za spoti zilinibadilishia gari, wauza tairi mtuambie ukweli

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba unipe nafasi kwenye gazeti lako niongelee kitu ambacho sisi wenye magari tunakipita kila siku bila kukiangalia, yaani tairi. Na siongelei tairi kipara, hizo trafiki wanatukamata nazo na kila mtu anazijua, naongelea tairi nzima kabisa, ina kashata, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, inang'aa, ila sio tairi ya gari yako wala ya barabara zako.

Mimi nilinunua Toyota Mark X kwenye yadi moja hapa Dar, imetoka Japani, ndani safi, injini safi. Muuzaji akaipiga tairi teke akaniambia hizi bro unatembelea miaka miwili hugusi. Nikafurahi kweli, maana nilijua bajeti ya tairi imeokoka. Basi nikaanza kutembea nayo. Ikifika spidi 60 inaanza kulia vuuuuu, ukienda 90 ule mlio unapanda mpaka redio unaiongeza sauti. Ukiingia kiplefti kwa haraka kidogo gari kama inaelea, nyuma inabaki, unageuza stelingi na gari inajishauri kwanza ndo inafuata. Nikapeleka gereji, fundi akasikiliza akasema beringi za mbele zimekufa. Nikanunua beringi, zikafungwa zote mbili, mlio uko palepale. Gereji nyingine wakaniambia shokapu. Nikabadilisha shokapu. Gari ikawa ngumu kidogo kwenye matuta lakini kuelea kuko vilevile, na hela imeenda.

Siku iliyoniamsha ni ya mvua, masika, nashuka Kibaha kuja mjini, lori mbele yangu likafunga breki. Nikakanyaga, ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ikaanza kutetemesha pedali, gari inateleza tu taratibu kwenda mbele kama iko kwenye sabuni, ilisimama nikiwa nasoma namba ya lile lori bila kukaza macho. Mke wangu alikuwa pembeni ana mtoto mapajani. Mpaka leo nikipita pale mwili unasisimka.

Aliyenisaidia sio gereji kubwa, ni mzee mmoja wa pancha mtaani kwetu Tabata. Alikuja kunijazia upepo, akainama, akafuta vumbi ubavuni kwa kidole akaniambia kijana, hizi tairi ni za barafu. Nikasogea kusoma, kweli imeandikwa STUDLESS, na kwenye kashata kuna michirizi myembamba mingi kama imechanjwa na wembe. Zile ni tairi za msimu wa baridi wa Japani. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, na ile michirizi ni ya kung'ata theluji. Sasa wewe uchukue mpira wa hivyo uulete Dar jua la 32, lami yenyewe ina moto kuliko hewa, kashata zinalegea zinapindapinda kila ukikata kona na kila ukifunga breki. Ndo kule kuelea na kujishauri kwa gari. Na ule mlio niliounulia beringi ulikuwa ni kashata zinagonga lami na hewa inabanwa kwenye michirizi inatoka. Mzee akanipa kipimo cha bure ambacho natamani kila mtu akijue: kama mlio unabadilika ukihama kutoka lami laini kwenda lami ya kokoto, hiyo ni tairi, na kama unabadilika ukiegemeza gari kushoto au kulia kwenye kona huku lami ni ileile, hapo ndo ushuku beringi.

Nikasema sasa basi, nanunua kitu cha maana. Na hapa ndo nilipofanya kosa la pili Mhariri, nikatoka kwenye shimo moja nikaingia kwenye lingine lenye raha zaidi. Nikaenda nikachukua rimu za inchi 18 na tairi za spoti 235/45R18, zina herufi W, maana yake zimepimwa kuhimili mpaka spidi 270, spidi ambayo mimi sitaenda maisha yangu yote. Zile za mwanzo zilikuwa 215/60R16, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Milioni na ushee ikaondoka. Fundi wa kufunga akaweka mbili za kulia ndani nje, neno OUTSIDE, yaani upande wa nje, limeangalia chini ya gari, nimekuja kuligundua mwenyewe kesho yake asubuhi wakati naosha, nikarudi zikafungwa upya. Nani angeniambia kama nisingesoma?

Wiki ya kwanza zinateleza kidogo, hiyo ni kawaida, tairi mpya inatoka kiwandani na utelezi wa kwenye kalibu ya kuitengenezea, unatakiwa uende mdogo mdogo kama kilomita 300 hivi ngozi ya juu ichubuke. Baada ya hapo jamani, gari ilikuwa gari nyingine! Nasema hili kwa moyo wote maana sitaki mtu afikiri nazisema vibaya tairi za spoti. Unagusa stelingi gari imeshageuka. Breki unakanyaga inakamata, kwenye mvua pia, yaani ile sabuni ya Kibaha haikuwepo tena. Nilienda nayo Iringa kwa mama, zile kona za mlima Kitonga ambazo zamani nilikuwa nazipanda nimekakamaa mabega, nilipanda nimetulia, gari imekaa kwenye mstari wake, haiinami, haielei. Sababu sio uchawi. Tairi ya kwanza ubavu wake ni milimita 129, ndo ile 215 mara asilimia 60, na hii mpya ni 235 mara asilimia 45, inakuja kama 106. Ubavu mfupi na mgumu haupindi, kwahiyo ukigeuza stelingi tairi nzima inageuka na wewe. Mpira wa spoti nao una kunata. Na hizi Wazungu wanaziita tairi za kiangazi, kule kwao kukianza baridi ya kama nyuzi 7 wanazivua, sisi huku Dar ni kiangazi mwaka mzima, kwahiyo kwa hali ya hewa zinatufaa kuliko hata wao.

Lakini safari hiyohiyo ya Iringa ndo iliyonionyesha upande wa pili. Kutoka Kimara mpaka Kibaha, ile barabara mpya pana, gari kimya, nikajisifu. Tulivyoacha Chalinze tukawa tunakutana na vipande vya lami ya kokoto, ukaanza mlio mwingine kabisa, sio ule wa vuuu wa sikioni, huu ni ngurumo, unausikia tumboni na miguuni kwenye bodi. Ubavu ukiwa mgumu kila kokoto inatuma salamu mpaka kwenye kiti, na ile hewa iliyofungiwa ndani ya tairi nayo inaitika kama ngoma. Wakati wa kurudi nilimchukua mama nije nae Dar, akakaa nyuma. Tumefika Mikumi, pale kwenye kilomita 50 za hifadhi zenye matuta, akaniambia mwanangu gari yako ya zamani uliiuza? Nikamwambia mama ni hiihii. Akasema basi imekuwa ngumu, mgongo unaniuma. Mama hajui loprofaili, yaani tairi ya ubavu mfupi, wala rimu 18 ni nini, lakini alikuwa amepima vizuri kuliko mimi.

Kuna jambo lingine ambalo sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja nalo ni mifereji. Barabara ile inabeba malori ya Zambia na Congo usiku na mchana, lami imebonyea njia mbili za magurudumu. Tairi nyembamba yenye ubavu mrefu inapita pale bila shida. Tairi pana ya spoti inaushika ule mfereji inaufuata, stelingi inakuvuta mwenyewe kushoto mara kulia, na ukitaka ku-overtake inabidi uipandishe gari ukingo wa mfereji, inatoka kwa kuruka kidogo. Mara ya kwanza nilidhani tairodi, kile chuma cha kugeuzia magurudumu, imekatika. Kumbe ni ule wepesi wa kusikiliza, tairi inayosikia kila ukigusa stelingi inaisikia na barabara pia. Na mvua ikijaza ile mifereji, tairi pana inapanda juu ya maji mapema kuliko nyembamba, kwahiyo ile gripu nzuri ya kwenye lami iliyolowa isikudanganye ukakimbia kwenye maji yaliyosimama.

Zimenikaa miezi kumi. Mwezi wa kumi ule mlio wa vuvuvu ukarudi, nikataka kulia. Nikapitisha kiganja juu ya kashata, kwenda mbele laini, kurudi nyuma inakwaruza kama msumeno. Hiyo ni mimi mwenyewe, sikufanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, baada ya kufunga na sikuzihamisha za mbele kwenda nyuma hata mara moja. Halafu na upepo. Ukienda kujaza kijana anakuuliza arobaini? unamwambia haya. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna stika ya Kijapani, kwangu imeandikwa 220 kPa kwa zile 16, ambayo ni kama 32 kwa psi, kipimo tunachotumia sisi. Watu wengi tunajaza 40 halafu tunalalamika gari inadunda, au tunatembelea 25 tunalalamika inaelea na inakula tairi pembeni.

Mwisho wa zile 18 ulikuwa shimo moja la usiku, barabara ya mtaani, sikuliona. Rimu ikapinda na tairi ikaota nundu ubavuni, nyuzi za ndani zimekatika, na nundu haizibwi kama pancha, tairi hiyo ni ya kutupa hata kama kashata zimejaa. Kwa ubavu wa 129 lile shimo ningelilaani tu nikaendelea na safari.

Sasa hivi nimerudi kwenye 16, saizi ileile ya stika, ila safari hii nimechukua tairi nzuri ya kiangazi yenye herufi V, ya spidi ndogo kuliko W, mpira mzuri, sio ya theluji na sio ya mashindano. Na hili ndo nataka wenzangu walisikie vizuri, karibu raha yote niliyoipata na zile za spoti bado ninayo. Breki ninayo, mvua naipita, Kitonga napanda vizuri, stelingi imepungua ukali kidogo tu, na kelele imeshuka sana, mama akikaa nyuma analala. Kumbe kilichokuwa kinanisumbua mwanzo haikuwa inchi 16, ilikuwa ni mpira wa barafu.

Kwahiyo kupitia gazeti lako nawaomba wenye yadi na wauza tairi. Gari ikishuka bandarini na tairi za theluji mwambie mteja, usimpigie teke ukamwambia miaka miwili. Mtu akija kuuliza rimu kubwa mwambie atapata nini na atapoteza nini, muulize anaishi wapi, anapita barabara gani, nani anakaa nyuma. Mwonyeshe zile namba nne za tarehe ubavuni, ukiona 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, asiuziwe tairi imekaa stoo miaka sita akaambiwa mpya kwa sababu haijagusa lami. Na kuna tairi zinakuja na karatasi ya Ulaya yenye desibeli, kipimo cha kelele, wauzaji wanatuonyesha wanasema hii 69 iko kimya. Ile namba inapimwa kwa kipaza sauti kilichowekwa pembeni ya barabara, gari inapita injini imezimwa, ni kelele anayoisikia jirani na sio wewe uliyekaa ndani. Ni kipimo kizuri, ila sio cha swali tunalowauliza.

Enzi za General Tyre pale Arusha, kabla hakijafungwa 2009, angalau tulikuwa na kiwanda chetu cha kukiuliza. Leo tairi zinakuja kutoka kila kona ya dunia, kila moja imetengenezwa kwa barabara ya kwao na baridi ya kwao, na wa kumwelezea mnunuzi ni yule anayempokea hela.

Zile nne za barafu bado ziko uani kwangu. Kuna kijana anaendesha teksi ya mtandaoni amekuja mara mbili kuniomba nimuuzie kwa bei yoyote, anasema bado zina kashata nzuri. Nimemkataza mara zote mbili, nikamwonyesha lile neno ubavuni, na Jumamosi nazichana mwenyewe kwa msumeno nipandie mboga.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam