Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa IEBC: Fomu 34A Isitoke Machoni Petu

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia kutoka Likoni mapema, kabla kampeni za 2027 hazijaziba masikio ya kila mtu.

Usiku mmoja wa Agosti 2022 tuliketi barazani, simu moja ikizunguka mikononi. Tukafungua tovuti ya Tume yako ya uchaguzi na kuitafuta Fomu 34A ya kituo chetu, yaani karatasi ya matokeo ya kura ya rais: mwandiko wa msimamizi, sahihi za mawakala. Tukailinganisha na picha ya ile iliyobandikwa mlangoni. Tarakimu zile zile. Walikuwapo waliompigia Raila na waliompigia Ruto, na juu ya kituo kile hakuna aliyebishana. Makamishna wanne wa Tume walipojitenga na matokeo, fomu hizo ndizo zilizotupa pa kushika.

Nalisema hili kwa sababu 2017 sijaisahau. Tarakimu zilimiminika Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura, huku maelfu ya fomu hazijaonekana. Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya Tume, alikuwa ameuawa siku chache kabla ya kura. Mahakama ya Juu ilipoamuru seva zikaguliwe, Tume haikutii ipasavyo, na Septemba 1 majaji wanne kati ya sita wakaubatilisha uchaguzi wa rais. Hadi leo nikisikia neno "seva", namkumbuka kwanza Msando.

Sikuombi utuondolee mashine. Kifaa cha KIEMS kinachosoma kidole humzuia anayetaka kupiga kura mara mbili au kupigia marehemu. Lakini kura yetu ni karatasi, huhesabiwa kituoni mbele ya mawakala, na mtambo kazi yake ni kuibeba habari hiyo bila kuigusa.

Ninachoomba ni ahadi ya maandishi, itolewe sasa. Tovuti ile ifunguliwe kwa kila mwananchi tangu fomu ya kwanza na isizimwe. Wataalamu wa wagombea na wa asasi huru wazikague seva kabla ya siku ya kura, wasingoje amri ya majaji. Na vituo visivyo na mtandao vitangazwe mapema, pamoja na njia ambayo fomu zake zitapitia. Msimamizi anayezunguka gizani na kifaa mkononi akitafuta mtandao huzua uvumi, hata awe mwaminifu namna gani.

Nasubiri jibu lako.

Mpiga kura,
Likoni, Mombasa